Baba Kastaafu, Simu Unayo Wewe: Jinsi SHA Ilivyonitia Adabu Kaloleni

"Paa la nyumba yenu ni la nini?"

Swali hilo nililijibu nikiwa kwenye foleni ya viazi karai, jioni moja ya Novemba 2024, hapa Kaloleni, Kisumu. Mkono mmoja simu, mwingine noti ya mia. Nikachagua mabati. Ukuta? Mawe. Umeme? Upo, na sola pia. Mifugo? Hapo nilisita kidogo, nikawakumbuka ng'ombe wanne walioko boma letu kule Seme, nikaandika wanne. Dakika saba hivi, kazi kwisha, na viazi vikafika. Nikampigia baba simu: "SHA yako iko tayari, Baba."

Nimefanya mambo mengi ya kijinga tangu niache chuo, lakini zile dakika saba zinashika nafasi ya kwanza.

Nieleze vizuri, maana najua wengi wenu mnaosoma hapa mna mzazi aliyestaafu au anayekaribia, na najua ni nani atakayepewa simu aambiwe, "Hebu nifanyie hii kitu." Ni wewe.

Mzee wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 34. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina, ni "Mwalimu" tu, hata na wale aliowachapa. Alistaafu 2022 akiwa na miaka 60. Mshahara ulipokatika, na bima ya kazini ikakatika nao. Akaenda mwenyewe NHIF kujiandikisha kama mchangiaji wa hiari, akawa analipa Sh500 kila mwezi. Mia tano tu, uwe mstaafu, uwe boda, uwe mama mboga. Pensheni ikiingia, kitu cha kwanza ni mia tano ya bima, cha pili gazeti. Alizoea hivyo, na mzee akizoea jambo, mnajua.

Halafu Oktoba 1, 2024, NHIF iliyokuwepo tangu 1966 ikaenda, ikaja SHA. Kwa mwenye payslip hakuna cha kuchagua: anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Lakini pensheni si mshahara. Mstaafu anawekwa kundi moja na sisi wa juakali, ambao serikali haioni tunapata ngapi. Kwa hivyo kaya yako inakadiriwa kwa maswali. Unaishi nyumba gani, mnakunywa maji ya wapi, mnapikia nini, mna nini. Majibu yanaingia kwenye mfumo, mfumo unakisia kipato chenu, kisha unatoa asilimia 2.75 ya makisio hayo. Na hiyo pesa unalipa ya mwaka mzima, kwa mkupuo, kabla hujaugua.

Tena wakati huo hata haikuwa wazi kama SHA ingesimama. Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria iliyoiunda inakiuka Katiba. Septemba, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo na mambo yakaendelea. Baba, anayesikiliza redio kama mtu anayesahihisha mitihani, aliamua kungoja "mpaka watu wakubaliane." Ni mathe aliyenisukuma nimsajili.

Majibu yaliporudi, SHA ilimtaka Sh880 kwa mwezi. Zidisha mara 12: Sh10,560, zote mara moja.

Baba alivaa miwani, akaiangalia simu yangu, akaivua miwani.

"Pensheni yangu inakuja kwa mwezi," akasema. "Hawa wanataka ya mwaka. Sasa mimi nikifa Machi, watawarudishia zilizobaki?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanirudishia simu na kufungua gazeti, na hapo ndipo mazungumzo ya bima yalipoishia nyumbani kwetu kwa miezi mitatu.

Wakati huo nilidhani ni ubahili wa kizee. Baadaye nilipopiga hesabu ndipo niliona aibu. Pensheni ya baba ni Sh21,000. Asilimia 2.75 ya hiyo ni kama Sh578 kwa mwezi, chini kidogo ya Sh7,000 kwa mwaka. Mbona alidaiwa 880? Ukirudi nyuma, 880 ni asilimia 2.75 ya Sh32,000. Yaani mfumo uliamini kaya yetu inapata elfu 32. Na nani aliuambia hivyo? Mimi, nikingoja viazi.

Hapa Kaloleni tunapanga. Nyumba ni zile za zamani, vyumba viwili na jikoni, choo tunashirikiana na jirani. Lakini nilipoulizwa nyumba, kichwani ilinijia ile ya Seme, ya mawe, ambayo baba aliijenga kidogo kidogo kwa mikopo ya Sacco na sasa inakaliwa na baba mdogo. Sola ni ya baba mdogo. Ng'ombe wote wanne ni wa baba mdogo. Nikachukua maji ya bomba ya Kaloleni, nikayachanganya na ng'ombe wa Seme, nikamtengenezea mzee utajiri asioujua. Swali linahusu kaya inayoishi na kula pamoja, si boma la ukoo wenu. Sikusoma. Mtu anayeandika mitandaoni kila wiki, na sikusoma.

Kosa la pili lilikuwa dogo zaidi na likauma mapema zaidi. Namba ya simu. Baba ana kale kasimu ka mulika mwizi, na huwa anakasahau kwenye kabati. Nikaona ni heri niweke namba yangu. Mwaka ule wa kwanza, ukienda kliniki walikuwa wanatuma kodi kwenye simu iliyosajiliwa ili wathibitishe ni wewe. Januari 2025 baba akaenda kituo cha afya kwa presha yake. Huduma za ngazi hiyo, yaani zahanati na kituo cha afya, hulipiwa na hazina nyingine ya serikali. Unahitaji tu kuwa umesajiliwa, hata kama mchango wako haujalipa. Kwa hivyo alikuwa na haki yake kamili. Lakini kodi ilikuwa inaingia kwenye simu yangu, nami nilikuwa Dunga ufuoni nikipiga video ya wavuvi, chaji imekwisha. Mzee alikaa kwenye benchi kutoka saa tatu hadi saa saba, akainuka, akaenda kununua dawa kwa pesa yake kwenye kemia.

Jioni hakuniambia kitu. Ni mathe aliyeniambia, akiwa anapanga vyombo, kwa sauti ile ya chini.

Lazima niwaambie jambo lingine hapa ili mwelewe kwa nini hiyo ilinichoma. Mstaafu wa serikali hulipwa kiinua mgongo mara moja, halafu ndiyo pensheni ya kila mwezi inafuata. Kiinua mgongo cha baba kilitoka 2023. Sehemu yake nzuri ililipa karo yangu ya chuo, mihula miwili mizima, pamoja na laptopu hii ninayoandikia. Muhula wa tatu niliacha. Sina kisingizio cha maana, nilichoka tu na nilikuwa naamini nitatoboa mtandaoni. Kwa hivyo mtu akisema "wazee walipaswa kuweka akiba ya matibabu," mimi huwa nainamisha kichwa. Akiba ya matibabu ya baba niliivaa shingoni kwenye kitambulisho cha mwanafunzi.

Aliyouliza kuhusu Machi, hata Machi yenyewe hakuifikia. Wiki ya mwisho ya Februari 2025 alianza kukohoa, siku ya tatu usiku akawa hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Tulimkimbiza hospitali ya kibinafsi iliyo karibu, kwa tuktuk. Wakaangalia kwenye kompyuta: amesajiliwa, hajalipa. Wakaomba amana ya Sh15,000 kabla ya kitanda.

Saa saba usiku unatafuta elfu 15 wapi? Dada yangu aliye Nairobi akakopa kwenye simu. Mimi nilikuwa na Sh1,200, nikazituma zote kama mtu anayefanya jambo kubwa. Jirani yetu Mwislamu, mama anayeuza mahamri asubuhi, akagonga mlango akiwa na elfu mbili kwenye leso, akasema "mtanipa mkipata." Nimonia, wakasema. Siku mbili pale zilitugharimu Sh27,300.

Siku ya tatu dada alipiga simu na kusema maneno ambayo tungeyasema tangu Novemba: tulipe hiyo 10,560 tumhamishe hospitali ya umma. Tukalipa. Ile ile iliyokataliwa, pamoja na ng'ombe wa baba mdogo ndani yake. Baba akahamishwa, akalala siku sita zaidi, na zile siku sita kitanda na matibabu vililipwa na SHA. Tulitoa pesa za dawa mbili ambazo hazikuwepo na za uji. Sasa piga hesabu mwenyewe: siku mbili bila bima elfu 27, siku sita na bima hata elfu mbili haikufika. Sisemi SHA ni mbinguni. Wote tumesikia malalamiko ya hospitali kuhusu madeni, na Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu ilisema mfumo ule wa kompyuta wa Sh104.8 bilioni si mali ya serikali. Mtu ana haki ya kukasirika. Lakini hasira haikulipi kitanda saa saba usiku.

Baba alipotoka, nilianza kwenda naye pale wazee wanapoketi, chini ya mwarobaini, si mbali na msikiti. Nilienda kwa sababu alikuwa hajapata nguvu za kutembea peke yake. Nikabaki kwa sababu nilikuta wote wanazungumza habari hiyo hiyo, kila mmoja na njia yake.

Kuna Mzee wa Reli. Kisumu ni mji wa reli, ilifika hapa 1901, na bado kuna wastaafu wake wanaovaa kofia hata jua likichwea. Binti yake yuko Doha, akamnunulia bima ya kibinafsi ya wazee, karibu laki moja kwa mwaka. Mwanzoni mzee alitamba. Kisha akagundua kwamba sukari aliyokuwa nayo kabla ya kujiunga ina muda wa kungoja kabla haijaanza kulipiwa. Na kampuni nyingi hazichukui mteja mpya akishapita miaka 65 hivi, kwa hivyo binti akishindwa kulipa mwaka mmoja tu, mlango huenda ukafungwa. "Nina kadi nzuri," aliniambia, "kadi ya kuonyesha." Sasa amelipa SHA pia, na hiyo ya Doha anaitumia kumwona daktari anayemtaka bila kupanga foleni. Kwangu mimi huo ndio mpangilio wenye akili kwa mwenye uwezo: ya umma kwanza, ya kibinafsi juu yake. Si kinyume. Magonjwa yanayomaliza familia ni yale ambayo bima ndogo ya kibinafsi hufika kikomo haraka. SHA ilipoanza iliweka saratani Sh550,000 kwa kaya kwa mwaka, laki nne kutoka kwenye hazina ya michango na laki moja unusu kutoka hazina ya magonjwa sugu na ya dharura, na kusafisha figo Sh10,650 kwa kila kikao. Unaweza kusema saratani inakula zaidi ya hapo, na ni kweli. Lakini jaribu kuanzia sifuri.

Kuna mzee mwingine aliyefanya kazi KICOMI, kile kiwanda cha pamba kilichofungwa miaka ya tisini. Yeye hana pensheni yoyote. Amepita miaka 70 na anapata Sh2,000 za Inua Jamii kila mwezi. Kwa watu kama yeye mchango wa chini kabisa, Sh300 kwa mwezi, ni Sh3,600 kwa mwaka, karibu pesa za miezi miwili bila kula. Mwaka 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Ikiwa una babu wa aina hiyo, usikae ukingoja apigiwe simu. Mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa wenu, yule anayepita na begi na simu, ndiye wa kumuuliza. Yule mzee wa KICOMI hakujua yupo. Anaishi nyumba ya tatu kutoka kwake.

Siku moja alipita dereva wa lori aliyetoka upande wa Sirari, akasikia mjadala, akasema kwao Tanzania mtumishi wa umma aliyechangia bima yao akistaafu huendelea kutibiwa yeye na mwenzi wake bila kukatwa tena. Wazee walinyamaza kidogo. Baba akasema, "Basi ningefundisha Musoma." Ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu hospitali.

Lakini aliyenifundisha hasa ni Sista, muuguzi mstaafu, mwanamke pekee anayeruhusiwa pale chini ya mti kwa sababu ndiye huwapima presha. Nilimwambia aibu yangu ya ng'ombe. Akaniuliza kwanza, "Na wewe ulidhani atakuwa kwa bima yako ukipata kazi?" Nikakiri kuwa ndiyo, siku zote nilidhani hivyo. Akatikisa kichwa. Nyinyi mnaofanya kazi sikizeni hapa: huwezi kumweka mzazi kwenye SHA yako. Wanaoingia ni mwenzi wako na watoto wako. Mzazi ni kaya yake, na mathe anaingia chini ya baba. Unaweza kumlipia, ndiyo, hata pesa zote, lakini lazima asajiliwe na akadiriwe kivyake. Makato yanayotoka kwenye mshahara wako hayamgusi hata kidogo.

Jambo la pili alilosema Sista ni kwamba makadirio si mhuri wa mbinguni. Unaweza kwenda kwenye ofisi zao au Huduma Centre ukaomba yapitiwe upya.

Hapo wazee wakaanza kushauri. Mmoja akasema tuandike nyumba ya udongo. Mwingine akasema aandike choo hakuna, "nani atakuja kuangalia?" Na nitasema ukweli, nilikuwa tayari. Sh3,600 dhidi ya Sh10,560, kwa mtu anayeishi kwa elfu 21? Ningeandika tunaishi ndani ya mtumbwi.

Baba alikataa. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Nimekaa miaka 34 nikiwaambia watoto wa watu waandike jibu sahihi. Andika nyumba ninayolala."

Nilikasirika, sitaficha. Niliona ni kiburi cha mwalimu, kiburi kisicholipa bili. Bado sijui kama nilikosea kabisa. Mfumo unaokisia umaskini wa mtu kwa kuangalia paa lake unamwalika adanganye, na atakayesema kweli ndiye atalipa zaidi ya jirani yake. Hilo linaniudhi mpaka leo. Lakini simu ni yangu na nyumba ni yake. Nikaandika nyumba anayolala.

Ilikuwa Novemba 2025. Safari hii tuliketi mezani, yeye, mathe na mimi, na kila swali nililisoma kwa sauti. Paa la nini? Mabati, ya Kaloleni. Nyumba ni yenu? Ya kupanga. Choo? Cha kushirikiana. Mifugo? Mathe akasema kuku wawili, baba akasema mmoja amekwisha liwa. Kupitiwa upya kulichukua safari mbili za mjini, na jibu likatoka: Sh540 kwa mwezi, Sh6,480 kwa mwaka. Chini hata ya hesabu yangu ya pensheni. Bila uongo hata mmoja. Sh4,080 nilizokuwa nimemwongezea zilikuwa za haraka yangu tu.

Ikabaki ile hoja yake ya Machi. Kuna mpango ulioanza 2025 unaoitwa Lipa SHA Pole Pole, ambapo unakopeshwa ulipie mwaka, kisha unarudisha kidogo kidogo. Kwa boda mwenye pesa za kila siku naona unasaidia. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Nikope ili nisiugue?" Yakaisha.

Ni Sista tena aliyeleta njia. Yeye na akina mama sita wana chama cha bima, si cha sufuria wala mashuka. Kila Jumapili wakitoka Kibuye wanaweka pesa, na mwaka wa mmoja ukikaribia kuisha, unalipwa. Wazee wa mwarobaini wakaona haya, wakaanza chao. Baba anaweka Sh130 kwa wiki. Kwa wiki 52 hiyo ni Sh6,760, SHA inalipwa na inabaki ya gazeti. Mweka hazina ni Mzee wa Reli, na katibu, bila kuulizwa, ni mimi. Nina daftari la tarehe: mwaka wa nani unaisha lini, namba ya nani iko kwenye mfumo, ni ya nani bado ya mjukuu aliyehamia Eldoret. Namba tatu tulizirekebisha. Ya baba ndiyo ya kwanza, na kale kasimu sasa kananing'inia shingoni kwake kwa kamba ya kiatu.

Kodi za simu zimeanza kupungua, siku hizi ni alama za vidole. Hapo kuna vichekesho vyake. Tulipoenda kusajili vidole, kile kidude kilikataa gumba la baba. Kikakataa la pili. Mhudumu akampangusa kwa kitambaa, akampaka mafuta kidogo, wapi. "Ni chaki," baba akamwambia. "Imekula yote." Kidole cha pete ndicho kilichokubali. Kwa hivyo ukimpeleka mzee wako, nenda siku ambayo hamna haraka, na jaribuni vidole vyote kumi kabla ya kukata tamaa. Usingoje siku ya ugonjwa.

Na wewe uliyeajiriwa, wa payslip, neno moja la haraka: tangu mwisho wa Desemba 2024, pesa unazoweka kwenye hazina ya matibabu ya baada ya kustaafu, hadi Sh15,000 kwa mwezi, zinaondolewa kwenye hesabu ya ushuru. Uliza mpango wenu wa pensheni kama wanayo. Hujui utakuwa na mtoto wa aina gani atakayekujazia fomu.

Februari hii tulilipa mwaka wa pili wa baba. Ujumbe ulipoingia kwenye simu yake mwenyewe aliusoma mara mbili, akiusogeza mbali na macho.

"Machi nisipokufa, nitakuwa nimepata faida," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe umelipa?"

Nikaguna. Nina miaka 26. SHA inamhesabu mtoto aliye masomoni hadi afike 25, mimi nimepita na wala sisomi. Sikuwa chini ya baba. Sikuwa chini ya mtu yeyote. Mwaka mzima nilikuwa nikitunza daftari la wazee wa watu, na jina langu halikuwa popote.

Nikatoa simu, nikabonyeza *147#. Maswali yakaanza. Nilikuwa nayasoma kimoyomoyo, lakini mathe akasema soma kwa sauti kama ulivyomsomea baba yako. Nikasoma.

"Paa la nyumba yenu ni la nini?"

"Andika," baba akasema kutoka nyuma ya gazeti, "bado analala kwa baba yake."